Maji ya Bukari na Mashini ya Milima

Kwetu Makomeno, courant ya umeme ikikatika mangaribi, mama alikuwa anaacha maji ya bukari, ugali wetu, itokote ku mbabula ya makala bila kutia unga. "Mungoje kwanza. Baba yenu amekwama ku mulima."

Baba alikuwa anaendesha mashini ya courant, zile kubwa za kuvuta mizigo ya shaba ku reli ya milima. Siku moja alitufasiria: ikipanda, mashini inakula courant ya waya ya juu, ikishuka na ule muzigo wote nyuma, moteur zinageuka kuwa frein za kuizuia, na zinarudisha courant mu waya. Mama alishika tu ile maneno ya mwisho. Kuanzia pale, ampoule ya taa ya nyumba ikiwaka, anapiga vigelegele. "Eee, ameanza kushuka! Mutie unga!"

"Mama wee, waya ya reli na waya ya nyumba haiko moja!" Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Miye sikukuwa nacheka. Avenue yote, majirani banakula, siye tunaangalia maji.

Sasa baba aliisha kuacha kazi, miguu inamusumbua. Ndugu yangu mudogo njo yeye anaendesha. Mama hakupenda, baba njo alimusukuma mu ile kazi. Na mwaka huu bakamupatia mulima peke yake, bila mukubwa wa kumuangalia pembeni.

Ile siku ya kwanza nilikuwa kwa baba na mama. Maji inatokota, paf! courant ikaenda. Tukajaribu simu ya ndugu yangu, haiingie. Kule mu milima réseau ni shida.

"Tia unga, mwanangu," mama akaniambia, jicho lake kwa baba, anamuchokoza. "Si baba yako alisemaka waya haiko moja?"

"Acha!" Baba alitaka kusimama, miguu ikamukatalia. "Bado."

Nikacheka. "Baba, si weye mwenyewe..."

"Nimesema bado! Ile mushuko naijua. Na miye njo nilimutuma kule."

Sijapata kumusikia baba akiogopa, na ile woga yake ikaniingia na miye. Mama akaninyanganya unga, akavuta kiti karibu yake, akamushika mukono. Maji ikapunguka, akaongeza. Ikapunguka tena, akaongeza tena.

Ampoule ikawaka.

"Ameanza kushuka," baba akasema, machozi inamutoka.

"Njo vile," mama akamujibu, na akasimama kutia unga.

Ndugu yangu aliingia akiwa na vumbi mpaka mu masikio, akanawa mikono, akakuta bukari ingali moto. Nikamuuliza kama courant ilimusumbua kule.

"Courant? Kule kwetu haikukatika hata kidogo."

Baba hakuinua macho mu sahani.

"Kula," akamuambia. "Itapoa."