Siku Pikapu ya Kanisa Ilipotetemeka

Mwanangu, naikumbuka sana siku niliyotaka kutupa funguo za gari na kuhama Ukambani nisirudi tena. Sikiliza, na usinikatize.

Nilikuwa kijana, dereva wa pikapu ya kanisa letu hapa mjini Wote. Ilikuwa ya petroli, mtumba kutoka Japani, na niliipenda kuliko ng'ombe wa baba. Basi ikaanza kutetemeka. Nikisimama sokoni inatikisika mpaka boneti inalia, inatoa harufu kali, halafu inazima. Na wakati ule gari ya petroli ikifanya hivyo, kila mtu alikuwa na jibu moja tu: dereva ameuza petroli, ameongeza mafuta ya taa. Wako madereva waliofanya hivyo, sikatai. Mimi sikufanya.

Mwenyekiti wa kanisa alinusa, akakunja uso. Jumapili, wakati wa matangazo, akasimama akasema gari ya Mungu imewekewa mafuta ya taa na mtu tunayemjua. Hakunitaja jina. Lakini ataje nini zaidi, na dereva ni mmoja? Watu wakageuka wote kunitazama. Mwaitu, mama yangu mzazi, alikuwa benchi ya mbele na akina mama wenzake. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, akasema mguu unamuuma. Mguu ule haukuwa na kitu. Iliniuma, na hata leo nikisimulia inaniuma.

Nikachukua funguo niende kumtupia mwenyekiti mezani, kisha nishike njia ya Mombasa. Nikapitia kwanza kwa Mzee Kilonzo, fundi aliyenifunza gari, nimuage. Hakunipa hata pole.

"Ukienda leo, wewe ni mwizi mpaka ufe," akaniambia. "Na hiyo aibu unamwachia mama yako aibebe peke yake. Kijana gani wewe? Gari inatetemeka saa gani?"

"Nikisimama, Mzee."

"Na ukiwa barabarani, unaenda Malili?"

"Inakimbia vizuri tu."

"Basi kwa nini watu wanasema ni mafuta? Mafuta mabaya yangekusumbua hata huko, tena zaidi kwa mlima. Leta hiyo gari. Na umwite mwenyekiti aje aone kwa macho yake."

Mwenyekiti alikuja, mikono nyuma. Mzee akatoa lile bakuli la kuchuja hewa lililokaa juu ya injini, akaniambia nitafute paipu nyembamba inayotoka kwa eksosi na kurudi upande ambao injini inavutia hewa. Nikapapasa huko nyuma, nikaungua kidole, nikaipata. Mwisho wake pana kitu cha bati cha mviringo, ukubwa wa mandazi, na mpira mwembamba umechomekwa juu. Ile ndiyo valvu ya kurudisha moshi. Gari ikiwa mwendoni inafunguka, moshi kidogo unarudi ndani ya injini. Gari ikisimama, inatakiwa ifunge kabisa.

"Itoe," Mzee akasema. Nati zilikuwa zimeshika kweli kweli. Ndani, masizi yamegandamana kama ukoko wa ugali, valvu imebaki wazi. Kumbe nikisimama injini ilikuwa inakabwa na moshi wake wenyewe, na ile harufu ni petroli isiyoungua vizuri! Mzee akavuta hewa kwa mdomo kupitia ule mpira, akaona valvu inajaribu kuinuka. "Kiwambo cha huku juu kinachoiinua hakijatoboka," akasema. "Ni uchafu tu." Tukakwangua, tukasugua kwa brashi ya waya na petroli, tukairudisha mahali pake. Nikawasha. Ikanguruma taratibu, ikatulia. Nililia mbele yao, sioni haya kukwambia.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Basi, yamekwisha."

"Hayajakwisha," Mzee akamjibu. "Ulimsema kanisani. Rudi ukamsafishe kanisani. Na safari hii umtaje jina."

Sikuamini kama angethubutu. Lakini Jumapili alisimama, akataja jina langu na la baba yangu, akasema, "Huyu kijana hakuiba. Mimi ndiye niliyekosa." Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: akashuka mpaka kwa mwaitu, akampa mkono. Mwaitu aliutazama ule mkono, akamwacha asimame hivyo, kanisa zima likingoja. Kisha akaupokea.

Sasa, mwanangu, ninalokuomba ni hili. Kitu kikiharibika, uliza kinasumbua saa gani, kisha kifungue utazame, hata kama pa kufikia ni pabaya. Kabla ya hapo usitaje jina la mtu. Ukisingiziwa, usikimbie, tafuta mkubwa wa kukusaidia kuonyesha ukweli. Na ukimchafua mtu mbele ya watu, usimwombe msamaha kichochoroni. Nenda palepale uliposemea, mbele ya wale wale waliosikia.

Mungu akupe subira ya kutazama, na siku utakayokosea akupe ujasiri wa kusimama useme. Nenda salama, mwanangu.