Landkruza Kuukuu ya Shamsi Uledi

Shamsi Uledi alikuwa na miaka arobaini na kitu, ndevu zimeanza kuchanganya mvi, na mjini Sumbawanga hakuwa na kitu hata kimoja ambacho watu walikiita cha kwake. Duka lilikuwa la Mzee Uledi. Lori lilikuwa la Mzee Uledi. Nyumba aliyokuwa akiishi na mkewe Munira ilikuwa ya Mzee Uledi, na bango la dukani liliandikwa "Uledi na Wanawe", ingawa mwana alikuwa mmoja tu, yeye huyo. Hata binti yake Hasna, shuleni walimwita mjukuu wa Uledi, kana kwamba hapo katikati hapakupita mtu.

Sasa mtu wa namna hiyo akisikia kwamba misheni moja ya upande wa Kaengesa inauza Landkruza yake kuukuu, mnategemea afanye nini? Alinunua bila kumwambia mtu. Kadi ikaandikwa jina lake, akaileta mpaka mbele ya duka, akazima injini, akashuka taratibu ili majirani wapate nafasi ya kutazama.

Mzee Uledi alikuwa kwenye kiti chake barazani. Aliitazama ile gari, nyeupe iliyopauka, msalaba wa rangi ya bluu bado unaonekana mlangoni. "Hilo dude la kanisa limefuata nini hapa?" akauliza, kisha akaingia ndani kupima sukari. Tangu siku hiyo hakukubali kuipanda. Alikuwa radhi apakiwe kwenye bodaboda, kanzu ameikunja magotini, mzee mzima wa umri ule, kuliko kukanyaga mlango wa Landkruza ya mwanawe.

Jambo hilo lilimuuma sana Shamsi. Hakutaka mengi. Alitaka siku moja tu baba yake apande, washuke mahali penye watu, na mzee aseme kwa kinywa chake kwamba gari hili ni la Shamsi.

Ulezi ulipokuwa umevunwa, Shamsi akaondoka kwenda kuununua katika kijiji cha Mwazye. Hapa inabidi niwaambie habari ya sauti ya gari lenyewe. Injini ile ilikuwa inakohoa mara mbili, inapiga mluzi, halafu ndiyo inanguruma, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliyekuwa akiiendesha huko vijijini ni Padri Baltazari, ambaye sasa amestaafu na anaishi kwenye nyumba ya mapadri wazee. Hakuna mtu katika vijiji vile asiyeujua mluzi ule. Akina mama walikuwa wakiusikia wanatoa sufuria mekoni.

Kwa hiyo Shamsi alipokuwa bado anapanda kilima cha mwisho, Gaudensi, katekista wa kigango cha pale, alikwishakimbilia kwenye rimu la lori lililoning'inizwa mtini badala ya kengele, akaligonga kwa nguvu zake zote. Watu wakaacha mashamba, wakanawa miguu. Gari lilipofika walikuwa wamejipanga mbele ya kanisa, na watoto watatu wachanga wamevishwa nguo nyeupe tayari kwa ubatizo. Gaudensi akamfungulia mlango.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Asante sana," Shamsi akajibu.

Gaudensi alimtazama, akachungulia ndani, akachungulia mpaka nyuma ya viti, pengine padri ameangukia kwenye magunia. Shamsi akaeleza. Alieleza vizuri, kwa upole, kwamba gari limeuzwa na yeye ni mfanyabiashara wa ulezi. Walimwelewa kabisa. Tatizo ni kwamba zaka ilikwishatolewa majumbani, na kitu kilichotolewa kwa Mungu hakirudi chunguni. Wakapakia mahindi, wakapakia maharage, jogoo wakamweka kiti cha mbele, wakamwomba apitishe misheni, si iko njiani? Haikuwa njiani hata kidogo. Akapitisha. Alirudi nyumbani bila gunia hata moja la ulezi, kwa sababu nani atauzia chochote gari la padri?

Munira alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Hasna," akamwuliza, "umenunua gari au umeajiriwa?"

Shamsi akampelekea gari fundi Yonas, mwenye gereji karibu na stendi, mtu ambaye tangu aanze ufundi hajawahi kumwambia mteja kwamba kitu fulani hakihitajiki. Yonas akasema shida ni rangi. Msalaba ukafutwa, gari likapigwa rangi nyeusi inayong'aa, ukiinama unaona meno yako. Shamsi akaondoka tena, amevaa miwani.

Watu wakasikia mluzi ule ule. Wakatoka. Wakaona gari ni jeusi. Wakajumlisha wenyewe kwamba Padri Baltazari amefariki na analetwa azikwe kwa watu wake. Kilio kilianzia kijiji cha kwanza kikatangulia mbele kuliko gari, na Shamsi alipoingia Mwazye wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni, wanaume wamevua kofia, na Gaudensi amekwishateua vijana wa kuchimba kaburi. Padri Baltazari mwenyewe alipata habari za kifo chake kwa simu akiwa anakunywa chai. Inasemekana alishukuru kwa rambirambi.

Gari likapigwa rangi ya mchanga. Yonas akafikiri zaidi, akasema sasa ameelewa, shida si rangi, shida ni sauti, tubadilishe ekzosi. Akafunga bomba jipya, nene. Sauti haikubadilika, iliongezeka tu. Ule mluzi ambao zamani ulisikika kutoka kilima cha jirani, sasa ulivuka vilima viwili, na watu wakapata muda wa kutosha wa kuoga kabla Shamsi hajafika. Kubadilisha injini alikataa. Ndicho kitu pekee katika gari lile ambacho hakikuwahi kumsumbua.

Unaweza kusema mtu mwenye akili angeliuza. Shamsi aliliongezea. Alifunga springi mpya na shokapu ndefu, gari likanyanyuka. Alifunga tairi zenye meno ya kutafuna matope, likanyanyuka tena. Likaja keria juu, winchi mbele, taa kubwa nne, na mkonga, lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo ili injini ipumue gari likizama mtoni, ingawa njia ya Mwazye haina mto unaopita magoti ya ng'ombe. Mwisho wake Munira hakuweza kupanda bila kigoda, na kigoda kikawa sehemu ya vifaa vya gari, pamoja na jeki na spana. Kila kitu kipya kilipofungwa, Shamsi alipitisha gari polepole mbele ya duka. Kila mara Mzee Uledi aliona kuna kazi ndani ya kupima sukari.

Mvua za Februari zilikuwa zimekaza wakati habari zilipofika kwamba Urbano wa Mwazye amefariki na amekwishazikwa. Shamsi hakumjua Urbano. Lakini Mzee Uledi alisimama kutoka kwenye kiti, akakaa, akasimama tena. Akasema lazima aende kuhani msiba. Lori lisingeweza kupita mbali na lami, hilo kila mtu alilijua. Mwenye bodaboda aliangalia mawingu, akamwangalia mzee, akasema samahani Mzee, leo hapana. Mzee Uledi akatoka nje, akasimama kando ya Landkruza akiitazama kutoka chini kwenda juu, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima ukuta wa jirani.

"Kigoda kiko wapi?" akauliza.

Shamsi aliendesha vizuri siku ile kuliko alivyowahi kuendesha maishani. Walipoiacha lami ya Matai matope yalikuwa mpaka kwenye ekseli. Walikuta malori yamelala ubavu njiani, na Landkruza ikapita kandokando yao bila hata kuteleza. Shamsi akamtupia jicho baba yake kuona kama ameona. Mzee Uledi alikuwa anaangalia vilima.

Halafu rimu likalia. Gaudensi alikuwa amekwishakata tamaa na gari lile, mara nyingi alikuwa akigonga kwa mazoea tu. Lakini safari hii alipochungulia, aliona juu kule nyuma ya kioo mzee mwenye ndevu nyeupe, vazi jeupe mpaka miguuni, kofia kichwani na fimbo mkononi. Akapiga magoti palepale kwenye tope. Waliokuwa nyuma yake nao wakapiga.

"Wanatafuta nini chini?" Mzee Uledi akauliza.

Shamsi akamwambia kwamba wanadhani yeye ni Baba Askofu.

Mzee alifikiri kidogo. "Waambie mimi ni muuza sukari."

Kabla Shamsi hajasema lolote, bibi mmoja akajipenyeza kati ya waliopiga magoti. Alikuwa Cornelia, mjane wa Urbano, amejifunga kitambaa cha msiba kichwani. Alisimama chini ya mlango, akakinga macho kwa kiganja.

"Askofu gani," akasema. "Huyu ni Uledi wa baiskeli. Amekula ugali wangu mwaka mzima na hajawahi kunichotea hata ndoo ya maji."

Watu wakainuka, wengine wanapangusa magoti, wengine wameziba midomo wasicheke mbele ya mfiwa. Ndipo Shamsi alipojua. Zamani, kabla ya duka, kabla ya lori, kabla yake yeye, Mzee Uledi alikuwa kijana anayezunguka vijiji hivi kununua ulezi debe kwa debe kwa baiskeli ya kuazima, na Urbano ndiye aliyempa mahali pa kulala. Shamsi hakuwahi kusimuliwa. Kifipa cha baba yake alikuwa anakisikia kila siku dukani, cha bei na kilo, lakini alichokisikia pale uani kwa Cornelia kilikuwa kingine kabisa, kirefu, chenye utani ndani yake. Wazee wenzake wakaja mmoja mmoja kumtazama kwa karibu na kumshika mkono. Wakalia pamoja kwa ajili ya Urbano. Baadaye mtu akakumbusha kitu fulani juu ya hiyo baiskeli, na Mzee Uledi akacheka, kicheko cha sauti, kichwa nyuma. Shamsi alishtuka. Aligeuka kuangalia ni nani anayecheka.

Jioni ilipokaribia wakamsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, kijiji kizima. Shamsi alitangulia akasimama mlangoni na kigoda mkononi. Cornelia akaigonga tairi kwa fimbo yake, akapandisha macho mpaka kwenye keria.

"Na gari hii, Uledi," akauliza, "ni ya nani?"

Swali lile Shamsi alikuwa amelisubiri tangu siku aliyoinunua, na sasa limeulizwa mbele ya watu wote, na anayetakiwa kulijibu ni baba yake.

Mzee Uledi aliitazama Landkruza. Alitazama tairi, akatazama winchi, akatazama mkonga.

"Yangu," akasema.

Hakupepesa jicho. Minong'ono ya kusifu ikapita kati ya wale wazee, mmoja akaipapasa ile winchi ya mbele. Lakini Cornelia hakuridhika. Alikuwa anamjua mtu wake.

"Huyu alikuwa mwongo tangu zamani," akasema, akimgeukia Shamsi. "Mwanangu, wewe niambie. Ni kweli gari ni yake?"

Shamsi alifungua kinywa. Maneno yote yalikuwa tayari, rangi mbili, springi, safari za jogoo, miaka arobaini na kitu ya kuitwa mtoto wa fulani. Kisha akamwona baba yake. Mzee Uledi alikuwa anamtazama, na ule haukuwa uso wa barazani. Aliondoka hapa kijana wa baiskeli ya kuazima, Urbano amekufa bila kuona rafiki yake amefika wapi, na sasa alikuwa anamwomba mwanawe kitu, mbele za watu, bila kuweza kukisema. Hakuwahi kumwomba chochote.

"Ni kweli, Bibi," Shamsi akasema. "Ya Mzee. Mimi naendesha tu."

Iliuma, nisiseme uongo. Aliinama haraka kuweka kigoda chini ili asionekane macho. Mzee Uledi akakanyaga, akashika bega la Shamsi kwa mkono mzito ili apande, akaketi, akapunga mkono kwa watu kama mwenye gari.

Walipokuwa wamekwishaacha kijiji, mzee akaanza kusimulia. Alisimulia Urbano alivyokuwa mbishi, alivyomfundisha kupima ulezi kwa macho, na yeye mwenyewe alivyoiazima baiskeli ile kwa mtu aliyemwogopa kuliko simba. Shamsi hakumkatiza. Aliingiza gia ya chini, na gari lile lililoweza kupita popote akaliendesha polepole, akiyachagua matope mabaya kuliko yote, kwa sababu lami ilikuwa karibu na baba yake alikuwa bado anaongea.