Mrehani wa Uani

Nikinusa mrehani sokoni, naikumbuka nyumba ya Malindi tuliyopewa baada ya Mapinduzi, yenye roshani iliyotazama bandari. Wenyewe walikuwa Wahindi wauza vitambaa, nao wakahamia kwa jamaa zao. Uani waliacha mrehani ndani ya sanduku la saruji. Kila Alhamisi mama aliuchuma akafunga vikuba, vishada vya kunukia vya kuvaa kifuani.

Asubuhi moja bibi wa Kihindi aliyekuwa mwenye nyumba alipiga hodi, mkononi ana kopo la shaba. Meli yao ilikuwa iondoke jioni hiyo.

"Naomba niumwagie maji mrehani wangu, mara ya mwisho."

"Karibu, bibi. Maji tu?" mama alimwuliza.

Alipofika uani alisimama. Mti ulibaki vijiti.

"Nani kaukata hivi?"

"Mama," nikajibu upesi. "Anafungia vikuba."

"Sisi tukisali mbele ya mrehani huu, mwanangu," bibi alimwambia mama. "Kila asubuhi."

Mama aliona haya. "Sikujua, wallahi. Basi uchukue."

"Utanifia njiani. Mwagia wewe."

Tangu siku hiyo mama aliumwagia maji kila asubuhi, na kabla ya kuumwagia alinawa mikono. Vikuba tukawa tunanunua sokoni Darajani.