Divai Tamu ya Kupeleka Myanga

Mama mkwe wangu alinikataa kabla hajaniona, kwa sababu moja tu: mimi ni wa Kitale. Binti yake mkubwa aliolewa huko, na kila akienda kumtembelea anakuta watu wanakula mlango umefungwa. Akaapa hatatoa mwingine. Na kule kwao Myanga, mama akishakataa, baba angepokea ng'ombe wa nani?

Miaka ya themanini ilikuwa ukingoni, nami nilimpenda binti yake mdogo mpaka nikakonda. Kwenda kujitetea mbele ya mama huyo haikuwezekana. Kwa mila yetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawatazamani machoni.

"Basi zawadi ndiyo itakusemea," akasema shangazi yangu, dada ya baba.

Tukaingia duka la vinywaji pale Kitale, lile ambalo zamani lilihudumia wazungu wa mashamba. Mimi moja kwa moja kwa wiski, kachupa kadogo ndani ya sanduku la kung'aa. Shangazi akakanyakua, akakarudisha.

"Hiyo ni ya mtu kujifungia nayo. Si ndiyo anayosema huyo mama ya watu?"

Akaomba divai tamu, nzito, ambayo hata mwanamke asiyezoea pombe angeionja bila kukunja uso. Tukapewa poti, nyekundu kama damu, chupa yenye tumbo. Shangazi alijua kuchagua! Mimi nikanuna mpaka Bungoma.

Kule Myanga baba mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, akafurahi. Kisha akaita, "Leteni maji ya moto!"

Woi! Busaa, pombe yetu ya nafaka, huongezwa maji ya moto, ikanywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Kwa mzee, kinywaji ni kinywaji. Akaimimina poti yangu yote chunguni, maji yakafuata, wazee wakashika mirija.

Damu ikanipanda. Nikafungua mdomo niseme jamani, hii hainywewi hivyo! Shangazi akanikanyaga mguu.

"Cheka, bana," akaninong'oneza. "Mlango wa jikoni uko wazi."

Hapo ndipo nikaelewa. Yule mama alikuwa huko ndani, na alikuwa hatazami chungu, anatazama uso wangu. Nikacheka, mwanzoni kwa meno tu. Mzee aliyekaa kando yangu akanipa mrija wake nikavuta. Salaala! Ilikuwa ya moto, tamu, inateremka polepole mpaka tumboni. Chupa moja, na ukumbi mzima ulikuwa unakunywa. Kicheko cha kweli kikanitoka.

"Na jikoni je?" nikasema kwa sauti. "Wapelekeeni na wao!"

Wazee wakageuka kunitazama. Mgeni anayeposa haagizi. Lakini shangazi alikuwa tayari amechota kikombe, anaelekea jikoni.

Akakaa huko. Nikaomba Mungu kimoyomoyo. Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu.

"Amesema nini?"

Shangazi akaketi kwanza, akapanga kanga yake. Alipenda kunitesa, huyo.

"Ati, mwambie mkwe wangu, siku ingine alete mbili."

Mkwe wangu. Nililia pale pale mbele ya wazee, na sikuona haya hata kidogo.