Khiem Asiyekata Kushoto

"Mama! Huo ni udi mwingine!"

"Udi gani?"

"Huo hapo mkononi! Nimekuona! Wa kwanza uliteketea kitambo, ukawasha wa pili tukanyamaza, sasa unataka kupachika wa tatu. Watu wana njaa!"

"Thoa mwanangu, mimi niliyelala naye ndiye ninayemjua. Baba yako alikuwa mlaji wa polepole. Unataka tumpokonye bakuli tonge likiwa mdomoni, tena siku yake?"

"Baba alikuwa anakula kama anafukuzwa na mbwa!"

"Wakati huo alikuwa hai. Sasa anakimbilia wapi?"

Nikauwasha. Majirani wakaguna. Ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mume wangu, na chakula kilikuwa kimepangwa mbele ya picha yake: nyama ya nguruwe iliyochemshwa na mayai kwenye maji ya dafu, karela zilizojazwa samaki, na kikombe cha pombe ya mchele, ambayo akiwa hai ilimponza na akiwa mfu haimdhuru. Marehemu hula kwanza. Udi ukiisha ndipo walio hai wanashika vijiti vya kulia. Na walio hai siku hiyo walijaa sebule nzima, wakilitazama lile sufuria kama polisi wa Saigon anavyomtazama dereva asiye na helmeti.

Lakini mimi sikuwa nawasha udi kwa ajili ya tumbo la marehemu. Begi la Thoa lilikuwa mlangoni, limefungwa. Kaka yake, Hai, mwanangu wa kwanza anayefuga kambamiti kule Ca Mau, alikuwa ameegesha lori lake darajani. Na Thoa alikuwa ameapa mbele ya picha ya baba yake, watu wote wakisikia: kama mume wake Khiem hajaingia mlango huu kabla udi haujaisha, yeye anapanda lori la kaka yake, anaenda kulisha kambamiti, harudi tena.

Na Khiem asingeweza kuingia mlango huu. Kwa sababu Khiem hakati kushoto.

Ngoja niwaeleze mkwe wangu huyu ni mtu wa namna gani. Alianza kama bodaboda wa kona, wale wanaolala juu ya pikipiki, kichwa kwenye kiti na miguu kwenye usukani, na hawaanguki. Khiem alilala hivyo mpaka siku ya harusi akashindwa kulala kitandani. Ilibidi Thoa amtingishe kidogo, kama injini inavyotingisha, ndipo apate usingizi.

Pikipiki yake ilibeba kila kitu. Nguruwe, vioo, barafu, bibi harusi. Siku moja alibeba kabati la nguo lenye kioo kirefu, amelifunga mgongoni, kioo kikitazama nyuma. Watu waliokuwa nyuma yake wakaona pikipiki mia zinawajia usoni. Waliojaribu kupiga honi wakaona na wale wanapiga honi. Basi wakaogopa, wakageuka wote. Mtaa mzima ulirudi ulikotoka. Kuna waliokwenda kazini asubuhi ile wakajikuta tena kitandani kwao. Anayebisha aje aliulize lile kabati, ninalo chumbani.

Baadaye akawa mwongozaji wageni. Wazungu wanapakiwa nyuma ya pikipiki, mmoja mmoja kwa dereva wake, Khiem yuko mbele na wenzake wanamfuata kama vifaranga, mji mzima wanaonyeshwa. Mgeni wake wa kwanza alimbana mbavu kwa woga hata Khiem akaja nyumbani mwembamba kuliko alivyoondoka. Tangu hapo huwaambia kabla hajawasha injini: "Fumba macho. Barabarani yanahitajika macho yangu tu, ya kwako yanaongeza kelele." Walimpenda. Thoa alimpenda. Hata mimi, niliyetaka mkwe mwenye duka, nilianza kumpenda kidogo kwa siri.

Halafu ukaja mwaka wa Nyoka, mnyama wa mwaka aliozaliwa, na kila mtu anajua ukirudiwa na mnyama wako unatakiwa kutembea kama umebeba mayai. Khiem akaenda kwa Bi Tam, mpiga ramli wa pale nje ya hekalu, ambaye aliona mapema ndoa za watu wote wa mtaa huu lakini hakuona kwamba mwavuli wake utaibwa. Bi Tam akarusha sarafu zake, akarusha tena.

"Khiem, mpaka mwaka mpya usikate kushoto. Wala kwa gurudumu, wala kwa nyayo. Ukiwa ndani kwako sawa. Nje, hapana."

Khiem akacheka. Akapanda pikipiki, akakata kushoto, akamgonga muuza bata.

Hakufa mtu. Ila bata waliotoka kwenye vile vikapu! Sokoni walisimulia kwamba jua lilizibwa. Mmoja alitua juu ya helmeti ya Khiem, akataga, akaatamia palepale, na Khiem akafika nyumbani na kifaranga. Kuanzia siku hiyo hakubisha tena. Kulia, kulia, kulia.

Kazini haikumdhuru, hilo ndilo lililomkera Thoa. Wageni walikuwa wapelekwe kwenye jumba la zamani na soko kubwa, na vyote viko kushoto. Khiem akawapeleka alikopelekwa na usukani: kwa wachonga majeneza, kwa mafundi wa vichwa vya simba vya kuvaa kwenye ngoma, kwenye soko la mikunga ambako mmoja aliingia kwenye kiatu cha mama mmoja wa Ujerumani, kwa kinyozi wa chini ya daraja. Kwenye mizunguko ya barabara hakuingia, maana Bi Tam alisema kuinama upande wa kushoto nako ni nusu ya dhambi. Wageni walirudi hotelini giza limeingia, mavumbi mpaka kwenye meno, wanasema hawajawahi kuona mji usio na mwisho kama huu. Walianza kumuulizia kwa jina.

Lakini mke hawekwi nyuma ya pikipiki kama mgeni. Thoa aliumwa jino. Daktari wa meno yuko upande wa kushoto. Khiem akampitisha mbele ya mlango wa daktari, wakazunguka kupitia wilaya nyingine, wakapita tena, wakazunguka. Daktari akatoka nje kuwapungia mkono. Walipopita mara ya mwisho jino lilikuwa limechoka, likang'oka lenyewe kwenye tuta. Thoa akashuka kwenye taa nyekundu, akapanda bodaboda wa watu, akaja kwangu.

Na alijua anachofanya, yule! Barabara yetu inafuata mfereji, inaenda upande mmoja tu. Ukija kwetu, maji yako kulia kwako na nyumba zote kushoto. Ukizunguka daraja upite ng'ambo, vilevile, maji kulia. Unaweza kuuzunguka mfereji huu mpaka uzeeke, kichochoro chetu kitabaki kushoto.

"Akinitaka," Thoa aliniambia, "atakata kona moja. Moja tu. Sijamwomba mwezi."

Sasa basi, siku ya kumbukumbu, udi wa tatu unaungua, mara tukasikia honi. Pi-piii, pi. Mtaa mzima unaijua honi ya Khiem, inakohoa katikati. Thoa alikuwa anapanga bakuli, akasimama. Majirani wote wakatoka mbio mpaka mdomo wa kichochoro, nami nyuma yao na magoti yangu haya.

Khiem huyo, shati jeupe la sherehe, pakiti ya keki na maua yamening'inia usukani, na nyuma yake mgeni, mzee wa Kizungu mwekundu kama karanga, amefumba macho. Nyuma yao pikipiki nyingine nne na wageni wao.

"Mama!" akapiga kelele. "Nakuja!"

"Kata basi!" nikamjibu. "Kichochoro hiki hapa!"

"Nakuja, Mama!" Akapita. Wale wageni wengine wakatupungia mikono, wakidhani tumepangwa pale kwa ajili yao.

Tukarudi ndani. Thoa hakutoka, ila begi lilikuwa limesogezwa kutoka mlangoni. Niliona.

Udi ukapungua. Honi tena. Tukatoka tena. Safari hii alipunguza mwendo kabisa, akaweka mguu chini, akatazama kichochoro chetu kama mtoto anavyotazama sindano. Usukani ukatetemeka upande wa kushoto, kidogo, upana wa ukucha. Palepale mama mmoja akapita na vikapu vya bata. Naapa kwa kaburi la mume wangu! Bata mmoja akageuza shingo, akamtazama Khiem machoni.

Khiem akakanyaga gia, akaondoka.

"Mmeona?" Thoa alikuwa nyuma yetu, mikono kiunoni. Kumbe naye ametoka. "Mmeona jinsi anavyonipenda? Bata ana uzito kuliko mimi!"

"Alikuwa bata mkubwa," nikasema.

"Mama, usimtetee!"

"Simtetei. Nasema bata alikuwa mkubwa."

Hai akakunja mikono ya shati. "Dada, achana na mtu huyu. Mimi mwenyewe ningekata kushoto kwa macho yaliyofumbwa."

"Wewe ulishindwa kuliingiza lori kwenye uwanja mtupu," nikamwambia, "ukaangusha choo cha shule. Nyamaza ukale."

"Nile nini, Mama? Hujaturuhusu kula!"

Tukarudi ndani tukakaa. Tulisubiri honi ya tatu. Haikuja. Jirani mmoja aliyekuwa na ndugu ng'ambo ya mfereji akapigiwa simu, akatuambia Khiem ameonekana ng'ambo, amesimama, anabishana na mtu. Halafu ameonekana akishuka kwenye mteremko wa maji. Halafu ndugu akasema haonekani tena.

"Haonekani vipi?" Thoa akauliza.

"Anasema alikuwepo, sasa hayupo."

"Na wale wageni?"

"Nao hawapo."

Nilimwona Thoa akishika ukingo wa meza. Hasira yake ilikuwa bado usoni, lakini macho yalikuwa mlangoni. Mimi nikatumia nafasi ile, nikachukua udi wa nne, nikaupenyeza mkono nyuma ya bakuli la karela. Nilikuwa nimeshapata kiberiti.

"Mama."

"Naweka sawa tu ua."

"Mama, weka chini hicho kiberiti." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, na sauti ndogo ya Thoa naiogopa kuliko kubwa. "Uache uishe. Niliapa mbele ya Baba. Kama hakuweza kukata kona moja mpaka sasa, hata uwashe udi wa hekalu zima, ni kupoteza moshi."

Sote tukautazama ule wa tatu. Ulikuwa umebaki kijiti cha urefu wa jino, majivu yamejikunja juu yake, hayajaanguka. Jirani wa kushoto akameza mate, na sikujua ni kwa huzuni au kwa nyama. Nikaitazama picha ya mume wangu. Nikamwambia kimoyomoyo, we mzee, hujawahi kula polepole hata siku moja katika maisha yako, leo jikaze.

"Nilimpenda alipokuwa analala juu ya pikipiki," Thoa akasema, kama anaongea na sufuria. "Hakuna aliyenilazimisha. Mama ulitaka mwenye duka."

"Nilitaka," nikasema. "Mwenye duka alifilisika."

"Kumbe alifilisika?"

"Alifilisika sana. Alikula duka lote, na mlango."

Akacheka kidogo, bila kutaka, kisha akakasirikia kicheko chake. Akajifuta macho kwa kiganja, akachukua begi, akaliweka begani. "Haya. Kaka Hai, nenda kaliwashe lori. Mimi namalizia kumwinamia Baba, halafu mtu asiniulize tena habari za Khiem, si leo, si mwaka mpya, si hata kama atakuja hapa ana—"

Nje, mbele kabisa ya kichochoro chetu, upande wa maji, kikasikika kitu kinagonga ngazi za mfereji. Mtu akasema "Polepole, polepole, inua nyuma." Injini ikawaka, ikakohoa katikati. Na sauti ile haikutoka kulia kwa barabara wala kushoto. Ilitoka mbele, majini, ikakatiza barabara, ikaingia kichochoroni, ikaja, ikaja, imenyooka kama uzi, mpaka mlangoni, kwa sababu nyumba yetu ni ya mwisho na kichochoro hakina kona.

Gurudumu la mbele likaingia sebuleni. Limezungushiwa magugu maji. Nyuma yake shati lililokuwa jeupe, pakiti ya keki iliyolowa, harufu yote ya boti la kuzoa taka za mfereji lililowavusha, na yule mzee wa Kizungu, helmeti imejaa majani, bado amefumba macho.

Majivu ya udi yalikuwa bado hayajaanguka. Thoa akalishusha begi begani, nami nikakirudisha kiberiti mfukoni.