Kiti Kilichomlaza Mama Mazishini

Kuna aibu ya kuteleza kwenye tope siku ya soko, hiyo mtu hujipangusa akaenda zake, halafu kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikipita Fort Ternan napandisha kioo cha gari na kujifanya naangalia upande wa miwa, kwa sababu kule kila mtu ananijua, hata watoto wa shule, na hawanijui kwa jina langu la Langat, wananijua kama yule mtu aliyelia.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza mashine za kupoza maziwa. Leo niko Sotik, kesho Kipkelion, kesho kutwa nimeitwa huko juu Eldoret, na kwa sababu nilichoka kulala kwenye vyumba vya kukodisha vyenye kunguni nilinunua van kuukuu iliyokuwa ikisambaza mkate nikaigeuza kuwa nyumba: kitanda nyuma, jiko dogo la gesi, pazia ambalo mke wangu alishona (akalalamika siku nzima kwamba ananishonea nyumba ya kumkimbia). Majirani wakaipa jina konokono. Nilikuwa naipenda sana hiyo gari, nisiwafiche.

Kasoro yake ilikuwa viti vya mbele. Vilikuwa vigumu kama benchi la kanisa, mgongo umesimama wima, na mimi nilivumilia, lakini mama yangu alipoanza kuugua nyonga na ikawa lazima nimpeleke kliniki Eldoret kila mara, nikaona mateso ya kweli. Mama si mtu wa kulalamika. Ananyamaza tu na kushika mkono wa mlango, na ukiona vile vidole vimekazana unajua kila shimo la barabara limeingia kwenye mfupa. Tukifika nyumbani karibu na Kaplong anakaa garini kwanza, anasema, "Ngoja, weri, mwanangu, miguu bado iko njiani."

Basi nikaamua kumtafutia kiti. Nilikipata Kericho, kwa fundi mmoja wa viti anayeitwa Onesmo, kimetolewa kwenye gari la mkubwa fulani lililopata ajali, ngozi nyeusi, laini, pana, kina mahali pa kuegemeza kichwa na pa kuinulia miguu. Onesmo akavuta kile chuma cha ubavuni, kiti kikaenda nyuma polepole mpaka kikalala kabisa.

"Unaona? Hii si kiti tena, ni kitanda," akaniambia. "Mama atalala mpaka asahau anaenda wapi."

Nikamwambia afunge hicho hicho. Mama alipokikalia mara ya kwanza alifunga macho, akapitisha kiganja kwenye ngozi, akasema watu wakubwa wanaishi vizuri. Safari ile ya Eldoret alilala kwenda na kurudi. Nilijiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa Bomet, na labda hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mwezi haukuisha, mjomba Kipsang akafa. Huyu ndiye ndugu wa mama aliyekuwa amebaki, wengine wote walishatangulia, kwa hiyo siku ya mazishi mama ndiye alipaswa kusimama aseme neno la familia, na alikuwa amelitafakari hilo neno usiku kucha, nikimsikia akinong'ona peke yake kwa Kipsigis. Asubuhi akameza dawa ya maumivu kabla hatujatoka. Mvua ilikuwa inanyesha Kericho, lakini tulipoteremka kuelekea Fort Ternan jua likatoka kali, na mama, kiti kimelala, joto, dawa, uchovu wa kutolala, akazama kwenye usingizi mzito sana.

Tulipofika sikumwamsha. Hilo tu. Ndilo kosa lenyewe, na hata sasa silioni ni kosa. Ibada ilikuwa haijaanza, jenereta ya vipaza sauti ilikuwa imekataa kuwaka na vijana walishaanza kuniita, "Langat, wewe ni fundi, kuja uone hii kitu." Nikamtazama mama, kinywa wazi kidogo, uso umelegea kama wa msichana, nikasema moyoni apumzike dakika chache. Jua lilikuwa linampiga machoni, nikachukua leso yake ya kujitanda nikamfunika mpaka usoni. Nikaacha kioo wazi kidogo tu cha kupitisha hewa, nikafunga milango kwa ufunguo (vijana wa pikipiki walikuwa wamejaa pale, na nyuma kuna vyombo vyangu vya kazi), nikaenda zangu.

Sasa fikirieni gari limeegeshwa langoni kwenye mazishi, ndani yake mama mzee amelazwa chali, amenyooka, mikono kifuani, amefunikwa leso mpaka usoni.

Mimi sikuona yaliyofuata mwanzoni, nilikuwa nyuma ya nyumba nimepiga magoti mbele ya jenereta. Nilisikia mayowe langoni, nikadhani ni wageni wapya wamefika wanamlilia marehemu, maana ndivyo inavyokuwa. Mayowe yakazidi. Nikasafisha plagi, nikavuta kamba, jenereta ikawaka, vijana wakanipigia makofi, na kwenye vile vipaza sauti nilivyovifufua kwa mikono yangu mwenyewe nikasikia sauti ya mshereheshaji ikitetemeka: "Wapendwa, tukae kwa utulivu. Tumepata pigo juu ya pigo. Dada ya marehemu, aliyetoka Kaplong, ameaga dunia hapo langoni."

Mtaniambia ningejua. Mimi ndiye niliyemfunika, mimi ndiye niliyemwacha analala. Lakini mtu akitangaziwa kifo cha mama yake kwa maiki, mbele ya jeneza, akili haisimami ifanye hesabu. Niliwaza tu kwamba ile dawa imemmaliza, na joto, na mimi nimemfungia ndani. Nikakimbia nikipita katikati ya tenti, nikaangusha viti na wazee waliokuwa juu yake, na nilipolifikia gari na kuiona ile leso imetulia, ufunguo ukanitoka mkononi. Nilijitupa chini kwenye tope la mvua ya usiku nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilibingirika. Mtu mzima, fundi, na suti niliyoazima. Watu walikuwa wananipigia kelele, "Ufunguo! Langat, toa ufunguo!" na mimi nauita jina la mama tu, na ufunguo umeanguka kwenye nyasi sijui wapi.

Halafu leso ikasogea.

Waliokuwa karibu na kioo walirudi nyuma wakipiga kelele ya aina nyingine kabisa. Mkono ukatoka chini ya leso, ukaivuta, na mama akageuza kichwa akatutazama. Watu walikimbia, jamani, watu walikata kona, kamba za tenti zikang'oka na upande mmoja ukaanguka juu ya kwaya, na aunti Tabitha, mjane wa marehemu, akazimia akamwagiwa maji. Jeneza la mjomba likabaki peke yake pale katikati, hakuna hata mtu mmoja kando yake.

Ufunguo ulipopatikana nikafungua mlango. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, nikamwambia, "Mama, uko hai!"

"Niinue," akasema.

Kile chuma cha kuinulia kiti kiko chini kabisa ubavuni, na mtu mwenye nyonga mbovu akiwa amelala chali hawezi kukifikia. Mimi sikuwahi kumwonyesha kiliko. Nikamwinua. Akajifunga leso kichwani bila haraka.

"Nilikuwa nimeamka zamani, mikono tu ndiyo ilikuwa imekataa kwa ile dawa," akasema. "Nilikuita. Nilikuita sana. Kelele zenu zilikuwa kubwa."

Walipotulia, tukamkalisha mbele ya jeneza, wakamletea maiki. Alilitazama jeneza muda mrefu. Nilijua lile neno alilokuwa akilinong'ona usiku kucha, ni refu, lina majina ya wazazi wao na mto waliokuwa wakichungia ng'ombe. Hakulisema. Alisema, "Ndugu yangu, nisamehe. Wamekuacha peke yako kwa sababu yangu." Akarudisha maiki. Baadhi ya vijana walikuwa bado wanaficha vicheko mikononi, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na tope mpaka kwenye nyusi.

Kurudi nyumbani aliniambia nikisimamishe kiti wima. Nikamwambia ataumia. Akasema kisimamishe. Tukapanda ile milima, tukapita mashamba ya chai ya Kericho, vidole vyake vimekazana kwenye mkono wa mlango kama zamani, na tulipokaribia Sotik ndipo akasema, akitazama mbele tu:

"Tabitha alisimama hapo kwenye kioo. Alikuwa analia kwa roho safi. Akasema, afadhali amepumzika, na Langat naye apumzike, amembeba mama yake kama gunia la majani chai."

"Mama, watu husema mengi kwenye mazishi."

"Wewe pia unaona ni afadhali?"

Kulikuwa na kona mbele na lori limesimama vibaya. Nikabadilisha gia, nikaangalia kioo cha pembeni, nikalipita lile lori, ndipo nikasema hapana. Lakini mama ni mtu anayejua kusikiliza, na alikuwa ameshasikia ile nafasi iliyokuwa kabla ya hapana.

Kile kiti nilikitoa. Nimerudisha cha zamani, nimekiwekea mto mnene wa sponji, na nimeapa kwamba sitamfungia tena mtu mlango amelala, hata mtoto, na sitafunika uso wa mtu yeyote anayepumua, jua limchome. Nilipoyasema hayo kwa wengine walicheka, nami hucheka nao. Ila asubuhi nikimpelekea mama chai, nikigonga mlango wake, kabla sijafungua kinywa kumwamkia, yeye huwahi kuniambia kutoka huko ndani, kwa sauti ya upole kama mtu anayeomba radhi:

"Bado niko."