Masereka Ahamia Bwera

Masereka alivua ovaroli nyekundu mbele ya gereji nzima, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya boneti ya gari la Semakula. Mafundi walibaki midomo wazi. Wapo waliodhani joto la Kasese limempanda kichwani. Wapi! Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Ni hasira tu ilikuwa imemjaa mpaka kooni.

Huyu Masereka siku za kazi ni dereva wa lori la saruji, mtu wa Rukoki, mume wa Alisi, mwenye kishamba cha kahawa ambacho hakijamtajirisha mpaka leo. Lakini mbio za magari zikifika, mtu huyo huyo mwenye vumbi la saruji masikioni anavaa helmeti, na watu wazima wanapanda miti ili wamwone akipita. Amekuwa bingwa wa mbio za wilaya mara tano. Mtoto akitumwa dukani akakimbia ovyo, mama yake anamfokea, "Wewe ni Masereka?" Sasa ana miaka arobaini na minane, magoti yanamsumbua asubuhi, mvi zinachungulia chini ya kofia. Wenzake wa umri huo wanatafuta kiti cha mbele kanisani. Yeye akahama timu.

Semakula ndiye mwenye gereji, mzee wa spea aliyekuja kutoka Masaka zamani, na ndiye aliyempa Masereka gari la kwanza la mbio. Hilo hakuna anayelikana, hata Masereka mwenyewe. Ila Semakula ana mwana anaitwa Kiiza, na Kiiza alikuwa amerudi kutoka Kampala na miwani ya jua na hamu ya kuwa bingwa. Asubuhi ile mzee alimwita Masereka ofisini, akamkaribisha soda.

"Championi," alisema, "mwaka huu Kiiza ataendesha gari mpya. Wewe chukua ile ya zamani, fuata nyuma. Ukimukuta njiani, usimupite. Unamulinda tu. Wewe si umeshinda ya kutosha?"

"Nani anasemaga ya kutosha ni ngapi?" Masereka aliuliza.

"Usikasirike, ssebo. Kambale amekubali. Atakaa na Kiiza, amusomee njia. Amesema nyinyi wote mumekubali."

Hapo ndipo soda ilipogeuka shubiri mdomoni. Kambale ni kaka yake. Kwa Wakonzo jina la mtoto linakwambia amezaliwa wa ngapi, na Kambale ni wa pili, Masereka ni wa tatu. Wa kwanza alikufa akiwa mchanga, kwa hiyo Kambale ndiye mkubwa, na baba yao aliyekuwa mchimbaji wa shaba Kilembe alipofariki, Kambale ndiye aliyemlea mdogo wake. Katika mbio walikaa gari moja miaka yote. Kambale upande wa kushoto na karatasi za kona, akisoma, "Kulia kali, mawe, shika gia ya pili," na Masereka akitii. Mkubwa anasema, mdogo anafanya. Ilikuwa kama nyumbani, tofauti ni magurudumu tu.

Na kwa baba yao kulikuwa na sheria moja isiyochezewa. Mdogo hampiti mkubwa njiani mpaka aombe njia na ajibiwe. Wakienda shamba, Kambale alitangulia, Masereka nyuma. Akitaka kupita alisema, "Mukubwa, naomba njia." Kambale akinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, maana yake ni hapana, baki hapo hapo. Siku moja mvua ilikuja na Masereka akapita mbio bila kuomba. Alichapwa na baba yake mpaka akakosa pa kukalia, na tangu siku hiyo hakurudia.

Basi alitoka ofisini kwa Semakula, akamkuta Kambale uani akijaribu helmeti mpya.

"Mukubwa, umekubali nini kwa jina langu?"

"Nimekubali upumzike," Kambale alijibu bila kumtazama. "Umezeeka. Siku moja utatuua kwenye zile kona. Kiiza ni mutoto wa tajiri, tukimushika vizuri tutakula mpaka uzee."

"Mimi si mutu wa kusindikiza watoto. Kama nimezeeka, barabara itaniambia. Si wewe, si Semakula."

"Nimeshasema."

"Na mimi pia nasema."

Kambale alishusha helmeti. Hakuwahi kujibiwa hivyo na huyu mdogo wake. "Ukiacha hii timu," alisema, "usikanyage kwangu. Sikia vizuri. Usikanyage."

Ndipo ovaroli ilipovuliwa.

Alikwenda Bwera, mji wa mpakani na Kongo, siku hiyo hiyo, na lori lake la saruji. Huko kuna mama mmoja, Medius, mnunuzi wa kahawa, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Alikuwa na Subaru ya kijani iliyopigwa rangi kwa brashi, na fundi mmoja, Sosthène, Mkongo wa Kasindi ng'ambo ya mpaka, ambaye ndiye fundi na ndiye msoma njia, kwa sababu timu yote ilikuwa watu hao wawili na gari. Miaka miwili walishiriki mbio na miaka miwili walirudi wakivutwa kwa kamba. Watu wa Kasese waliwaita timu ya kamba.

"Championi wa Kasese anatafuta nini kwetu?" Medius aliuliza, mikono kiunoni. "Umekuja kutucheka?"

"Nimekuja kuendesha."

"Gari iko mubaya," Sosthène alisema kwa uaminifu. "Miye natengeneza, inaharibika. Natengeneza tena. Injini yake, moteur, iko na nguvu, lakini iko na kichwa ngumu sana, papa, baba yangu."

"Na mimi niko na kichwa ngumu," Masereka alisema. "Nataka kitu kimoja tu. Nikiwa mbele ya usukani, hakuna mutu ananiambia usipite."

Medius alicheka mpaka wapakiaji wa magunia wakageuka. "Jamani! Mimi nimelisha hii gari miaka mbili bila kuona mutu yeyote tunampita. Wewe pita! Pita mpaka Kampala!"

Kasese ilimchemkia. Kwenye vibanda vya rolex, zile chapati za mayai, na kwenye stendi ya bodaboda, kila mwenye mdomo alikuwa na la kusema. Msaliti. Mzee amepagawa. Anakwenda kuvutwa kwa kamba kama mbuzi. Jirani mmoja aliacha hata kumsalimia Alisi kisimani. Alisi naye hakuwa mtu wa kulia chini ya mto. Alimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wivu utakuharibia maji, mama!" Lakini akiwa nyumbani alimuuliza mume wake waziwazi, "Na kaka yako? Utaishi vipi bila kaka yako?"

"Sijui," Masereka alisema. Jambo hilo lilimuuma kama jino, na hakujifanya kuwa halimuumi. "Lakini nikikubali hii, Alisi, nitakuwa mutu wa nyuma mpaka nizikwe."

Alisi alimwekea chakula, akakaa naye mpaka akamaliza.

Siku ya mbio, kipande cha mwisho kilikuwa barabara ya vumbi inayopanda kutoka Kisinga kwenda Kyarumba, kona juu ya kona, kahawa kulia na korongo kushoto. Magari hayaanzi pamoja. Moja linaondoka, lingine linasubiri, kisha linafuata. Kiiza aliondoka kwanza na gari lake jipya linalong'aa, Kambale kando yake. Masereka akafuata. Ubavuni mwa Subaru mtu alikuwa ameandika kwa chaki kwamba wamebeba kamba yao wenyewe. Masereka aliposoma alitaka kufuta. Medius alimkataza. "Wacha isomwe!"

Sosthène hakusoma njia kama Kambale. Alisoma akipiga kelele, akiomba Mungu, akitukana mawe. "Gauche! Kushoto! Yesu wangu, kushoto tena! Iko pont, daraja, iko ndogo, ndogo!" Mwanzoni Masereka alikosa kona mbili kwa sababu alikuwa anasubiri ile sauti nyingine, ya pole, aliyoizoea tangu utoto. Alijilaani. Kisha akaacha kusubiri, na gari likaanza kwenda.

Karibu na Kyarumba waliona vumbi mbele yao. Halafu taa nyekundu ndani ya vumbi. Alikuwa Kiiza, na alikuwa anaendesha kwa woga, akikanyaga breki hata pasipo na sababu. Sheria ya mbio haina utata: gari la nyuma likikufikia na kupiga honi, unasogea, unaliachia njia. Masereka akapiga honi. Gari la mbele halikusogea. Akapiga tena, akaiacha ilie mpaka wachumaji wa kahawa wakasimama. Wapi.

Upepo ukapeleka vumbi kando, na kupitia kioo cha nyuma akaona kichwa cha Kambale. Kambale aligeuka. Alimtazama mdogo wake, kisha akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

Mguu wa Masereka ukalegea wenyewe. Ndiyo, bingwa mara tano, mtu mzima mwenye wajukuu, mguu ukalegea! Kwa mwendo wa kona nzima alikaa nyuma akila vumbi, amekuwa tena mtoto mwenye jembe begani. Semakula alikuwa amepata alichokitaka bila hata kuwepo.

"Unalala?" Sosthène alipiga kelele. "Papa, unalala? Pita!"

"Ni kaka yangu."

"Kaka yako iko abiria! Pita!"

Masereka alitukana kwa Kikonzo, tusi ambalo halitaandikwa hapa. Akashusha gia. Mbele palikuwa na kona ya kulia yenye uwanja mdogo wa kuanikia kahawa upande wa ndani, mtupu, umefagiliwa. Akauingia. Gari liliruka, kitu kikalia chini yake, Sosthène akafumba macho. Kwa kitambo kidogo magari mawili yalikwenda sambamba, dirisha kwa dirisha, na ndugu wawili walitazamana. Masereka hakugeuza uso. Kisha mbele yake pakawa na barabara tupu, nyekundu, safi.

Kombe lilichukuliwa na kijana wa Kampala mwenye gari la maana. Masereka alikuwa wa pili, Kiiza wa nne. Lakini nani alizungumza habari za kombe? Bwera yote ilimbeba begani. Medius alilia hadharani bila aibu. Wale wa timu ya kamba walirudi kwa magurudumu yao wenyewe, wakipiga honi kutoka Kisinga mpaka mpakani.

Kambale alimjia Masereka pale pale mwisho wa mbio, uso umejaa vumbi.

"Umenipita."

"Niliomba njia. Ulinikataza."

"Nilikukataza, na ukapita."

"Na nitapita tena."

"Basi kwangu usije."

"Jumapili nitakuja, kanisa likiisha," Masereka alisema. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze mbele ya watoto wako."

Na alikwenda kweli. Alivaa koti lake la kanisani, akaingia uani kwa Kambale, Rukoki, bila kukaribishwa, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Mlango ulifungwa. Alikaa. Kivuli kikamhama, akakifuata na kinu chake. Kuku walimzoea. Mwishowe Yayeri, mke wa Kambale, alichoka na upuuzi wa wanaume, akatoka na bundu, ugali wa muhogo, na samaki, akaweka chini kwa kishindo, akaita ndani ya nyumba, "Wewe! Chakula ya wageni hailiwi na mutu moja!"

Kambale akatoka. Akanawa mikono. Akakaa upande wa pili wa sahani. Walikula, kila mmoja akimega upande wake.

"Ule uwanja wa kahawa," Kambale akasema hatimaye, macho kwenye samaki. "Uliingia na gia gani?"

"Ya tatu."

"Muongo. Ya tatu ingekutupa kwenye korongo."

"Ya pili," Masereka alikiri.

Kambale alitafuna polepole. Mtu aliyesoma kona maisha yake yote alikuwa anaisoma ile moja tena kichwani, tangu mwanzo, na alipofika mwisho alitikisa kichwa.

"Kama ningekuwa kando yako," alisema, "ningekukataza. Ningesema hapo hapapitiki. Na ungenisikia."

"Najua, mukubwa," Masereka alisema. "Ndiyo maana nilihama."